Ngapi

Siku yangu ya kwanza kuosha vyombo katika mgahawa mmoja wa Kiburma hapa London, mwenye mgahawa alinyooshea kidole rafu ya juu na kusema, "Ngapi." Nikamjibu kwa Kiswahili bila kufikiri: "Ngapi nini?" Akarudia, sauti imepanda kidogo: "Ngapi!" Lilikuwa jina la kitu. Ngapi ni samaki au kamba wadogo wanaotiwa chumvi, wakaachwa wachachuke, kisha wakasagwa. Mtu aliyekulia karibu na ng'onda hawezi kuikimbia harufu yake. Mpangaji wa ghorofa ya juu hakukulia huko, na alikuwa ameshalalamika mara mbili.

Mama huyo, ambaye sote tulimwita Anti, aliondoka kwao baada ya maandamano ya 1988 kuzimwa kwa risasi. Nilipomwambia kwamba baba yake babu yangu alifika Burma mwaka 1944, alicheka. "Mwafrika? Kufanya nini?"

Kupigana. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliteremka bonde la Kabaw katikati ya masika ya huko, ikiwasukuma Wajapani, na Desemba mwaka huo ikavuka mto Chindwin pale Kalewa. Kwetu nchi hiyo iliitwa Bama, na habari zake zilizobaki ni mbili tu: mvua na matope.

Anti alipoacha kucheka, nilianza kujiuliza swali jingine. Waingereza waliimeza Burma kwa vita tatu, ya mwisho ikianza 1885, wakaitawala kama mkoa wa India hadi 1937. Basi kwa nini London imejaa migahawa ya "Kihindi", na ya Kiburma ni ya kutafuta kwa tochi?

Jibu nililipata kwenye sheria za uraia. Burma ilijitawala tarehe 4 Januari 1948 na ikakataa kujiunga na Jumuiya ya Madola. Mwaka huohuo Uingereza ilipitisha sheria iliyowaacha raia wa Jumuiya waingie na kufanya kazi bila kibali. Mabaharia wa Sylhet, iliyokuwa Pakistan Mashariki, walikuwa tayari na njia yao ya kufika London; sheria ikaipanua. Wao na jamaa zao ndio waliofungua sehemu kubwa ya migahawa ambayo Waingereza huiita ya Kihindi hadi leo. Mburma, kwa sheria hiyohiyo, alikuwa mgeni.

Halafu ukaja 1962. Machi, Jenerali Ne Win alipindua serikali. Julai, Uingereza ikaanza kuwazuia hata raia wa Jumuiya. Ne Win alipotaifisha maduka, Wahindi wa Burma waliondoka kwa mamia ya maelfu, wengi wakiishia India na Pakistan. Ndio hao waliokuwa wafanyabiashara wa Rangoon. Sensa ya 1931 iliwakuta ni zaidi ya nusu ya wakazi wa jiji hilo. Linganisha na Waasia waliofukuzwa na Amin mwaka 1972: wengi wao walikuwa na pasipoti za Kiingereza, na zaidi ya 27,000 walipokelewa Uingereza.

Kwa hiyo Anti alipofungua, hakukuwa na mjomba mwenye mgahawa wa kumfundisha kazi, kumkopesha amana ya pango, wala kumwonyesha muuzaji wa jumla. Alianza kwa kupika kwenye hafla za Waburma wenzake. Shina la mgomba la kutia kwenye mohinga, ule mchuzi wa kambare na mchaichai unaoliwa kwa tambi za mchele, aliliomba kwa Mbangladeshi mwenye duka la mboga. Mwaka wa kwanza aliuza hata mchuzi wa kijani wa Kithai, maana wateja waliingia wakiuagiza. Aliniambia hilo kama mtu anayekiri deni.

Bango nalo lilimsumbua. Majenerali walibadilisha jina la nchi kuwa Myanmar mwaka 1989 bila kumwuliza mwananchi. Anti akaandika "Burma". Mpishi wake, kijana wa Kikareni aliyekimbia baada ya mapinduzi ya 2021, haoni tofauti: majina yote mawili, anasema, ni ya kabila moja kubwa, na si lake.

Jioni moja, tukimenya vitunguu, Anti alirudi kwenye habari za Bama. Nilidhani ataniuliza kama mzee aliua mtu.

"Walimlipa?"

Walimlipa, nikasema, ila pungufu ya askari mzungu.

Akaendelea kumenya. "Na alikula nini?"

Hilo sikuwahi kumwuliza babu, na babu hayupo tena. Anti alifuta mikono, akapakua bakuli la mohinga, akaliweka mbele yangu juu ya maganda ya vitunguu. Meza ya nne ilikuwa inasubiri bili.