Zimamoto Kando ya Ziwa Mweru: Makumbusho Yakusanye Nini?

Tunapofundisha maneno ambatani, neno zimamoto halikosekani ubaoni. Kitenzi kimeungana na nomino, maana iko wazi, na somo linasonga mbele. Hata hivyo, neno hili lina historia ambayo ubao hauionyeshi. Katika makala haya tutaifuata historia hiyo hadi Nchelenge, mji wa wavuvi ulioko upande wa Zambia wa Ziwa Mweru. Hapo lugha ya watu ni Kibemba, lakini ng'ambo ya ziwa ni Katanga, ambako Kiswahili husemwa sokoni na nyumbani.

Swali letu ni hili: iwapo makumbusho yatataka kuhifadhi historia ya kuzima moto katika eneo hilo, yakusanye nini? Jibu jepesi ni gari jekundu, kofia ngumu na mpira wa maji. Kwa miji mikubwa jibu hilo linafaa. Lakini katika vijiji vya nyumba za nyasi, moto wa mbugani hupigwa kwa matawi mabichi, hufunikwa kwa mchanga, humwagiwa maji ya ndoo na mitungi. Jembe nalo hutangulia kabla ya moto wenyewe, kwa kufyeka na kulima ukanda mtupu kuzunguka makazi kabla kiangazi hakijakolea. Ugumu wa kuhifadhi vifaa hivi ni kwamba havina alama ya kazi hiyo. Jembe lililookoa kijiji jana, leo limerudi shambani. Tawi limetupwa.

Aidha, upo moto usiozimwa kwa matawi. Kusini mwa Nchelenge, katika bonde la Mto Luapula, ndiko uliko ufalme wa Mwata Kazembe wa Walunda. Mwaka 1899 majeshi ya utawala wa Kiingereza, chini ya Alfred Sharpe na Robert Codrington, yaliuteketeza mji mkuu wa Mwata Kazembe X, Kanyembo Ntemena. Walunda hawakuwaachia wageni peke yao kazi ya kueleza historia yao. Mwata Kazembe XIV, Chinyanta Nankula, akisaidiwa na Padre Labrecque, aliacha kitabu cha Kibemba, Ifikolwe Fyandi na Bantu Bandi, kilichochapwa mwaka 1951. Chumba cha makumbusho kinachozungumzia moto wa Luapula bila kuutaja mwaka 1899 tungekiona kina upungufu mkubwa.

Makumbusho ya taifa yaliyo karibu zaidi na Mweru yako Mbala, nayo, kwa sadfa ya kupendeza, huitwa Moto Moto. Jina ni la utani wa Askofu Joseph Dupont wa Mapadre Weupe, aliyefika nchi ya Wabemba katika miaka ya 1890. Husimuliwa kwamba alikuwa akiomba moto kila mara kwa ajili ya kiko chake. Wengine husema ni kwa ukali wake. Msomaji wa Kiswahili atalielewa jina hilo mara moja, na hapo ndipo penye utamu, kwa sababu Wabemba moto huuita umulilo. Dupont alitokea upande wa Tanganyika. Kuzima, kwa upande mwingine, Wabemba husema ukushimya, na undugu wake na zima yetu haujifichi.

Mkusanyiko wa Mbala ulianzishwa na Padre Jean Jacques Corbeil kutoka Kanada, wa shirika lilelile, na mwaka 1974 ukawa makumbusho ya taifa. Humo zimo mbusa, vifaa vya kuwafundishia wasichana katika unyago wa chisungu, ambavyo vingi ni vya udongo na havikutengenezwa ili vidumu. Kama vitu hivyo viliweza kuhifadhiwa pamoja na maelezo yake, hatuoni kwa nini jembe la kuzuia moto lisiweze.

Sasa turudi kwenye neno. Luise White, katika kitabu chake Speaking with Vampires cha mwaka 2000, alikusanya simulizi za enzi za ukoloni nchini Kenya, Uganda na kwingineko. Katika simulizi hizo wazimamoto si waokoaji. Ni watu wanaokamata wapita njia usiku na kuwanyonya damu. Kaskazini mwa Zambia waliosemwa hivyo waliitwa banyama, na Mapadre Weupe wenyewe walituhumiwa. Katanga waliitwa batumbula, jina linalokaribiana na kitenzi chetu tumbua. Tunavyoona sisi, si vyema kuzipuuza habari hizi kama ujinga wa zamani. Mtu anayeliogopa gari la zimamoto haliiti nyumba yake inapoungua, na hilo ni sehemu ya historia ya kuzima moto sawa na mpira wa maji.

Kwa hiyo, tungependekeza kinasasauti kitangulie sanduku la kioo. Wazee waliosikia habari za banyama utotoni wanazidi kupungua, na wanaojua ukanda wa kijiji ulilimwa mwezi gani, upana gani, na kwa amri ya nani, ni haohao. Jembe lenyewe linaweza kupatikana hata mwaka ujao, ila bila sauti ya aliyelishika, kibandiko chake kitasema tu: jembe, mpini wa mti, Luapula.