Istilahi za Samaki wa Mapambo wa Japani

Mfasiri akutanapo na neno koi katika vitabu vya kigeni, hudhani kwamba amepata jina la samaki wa mapambo mwenye madoa ya rangi. Kwa Wajapani wenyewe, koi ni jina la karpu yeyote, hata yule wa kitoweo. (Twaandika karpu, kwani kapu kwetu ni chombo cha kutilia vitu.) Yule wa mapambo huitwa nishikigoi. Nishiki ni kitambaa cha hariri kilichofumwa kwa nyuzi za rangi nyingi, na koi hugeuka kuwa goi katika neno ambatani.

Asili ya samaki hawa ni milima ya Niigata, hasa Yamakoshi, ambako wakulima wa mpunga walifuga karpu mabwawani ili wapate kitoweo, maana wakati wa baridi theluji nyingi huwatenga na miji. Katika karne ya 19 walianza kuwateua na kuwazalisha wale waliotokea na rangi. Mwaka 1914 samaki hao walipelekwa katika maonyesho makubwa ya Tokyo, na sifa zao zikaenea nchini kote.

Majina ya aina zao yana historia ndani yake. Kohaku maana yake ni nyekundu na nyeupe. Doitsu ni Ujerumani, kwa sababu mbegu ya karpu wenye magamba machache ililetwa kutoka huko mwaka 1904. Taisho Sanshoku na Showa Sanshoku yametokana na enzi mbili za kifalme, yaani Taisho (1912–1926) na Showa (1926–1989). Sanshoku ni rangi tatu.

Hapa ndipo penye mtego. Mfasiri akiandika "samaki wa rangi tatu" huwa amechanganya aina mbili, kwani zote zina nyekundu, nyeupe na nyeusi. Taisho ni mweupe mwenye madoa mekundu na meusi. Showa, aliyepatikana mwaka 1927, asili ya mwili wake ni weusi. Kinachowatenganisha ni jina la enzi, nalo halitafsiriki.

Kwa hiyo twapendekeza jina la jumla litafsiriwe, na majina ya aina yatoholewe pamoja na maelezo. Kwa nishikigoi, Kiswahili hakina haja ya kukopa: kitambaa cha zari chajulikana pwani tangu zamani, na "karpu wa zari" ataeleweka. Wasomaji na wapime.