Kamanyola: kituo cha reli chini ya mlima

Sisi watu wa Goma tukisikia Kamanyola, tunawaza vita vya 1964 na divisheni ya Mobutu iliyopewa jina hilo. Lakini mbele ya vita, Kamanyola ilikuwa kituo cha reli.

Wabelgiji walijenga reli hiyo, CEFAKI, maana yake Reli ya Kivu, mwanzoni mwa miaka ya 1930. Ilianzia bandari ya Kalundu, pale Uvira, ikapita tambarare ya Ruzizi kilometa 94, ikafika Kamanyola. Hapo ikakwama. Ziwa Kivu liko juu ya Tanganyika kwa karibu meta 700, na sehemu kubwa ya mwinuko huo iko kati ya Kamanyola na Bukavu. Kwa hiyo mizigo ilishushwa kwenye treni, ikapakiwa kwenye kamiyo, ikapanda mlima wa Ngomo mpaka Bukavu. Iliyokuja kwetu Goma ilipanda tena masua.

Basi, Reli ya Kivu haikuona Ziwa Kivu hata siku moja. Na kamiyo iliyoweza kupanda mlima haikushindwa na tambarare. Mwaka 1958 reli ikafungwa.

Wanafunzi wetu wanatuuliza kwa nini Kivu haina treni. Tusiwajibu kwamba haikuwa nayo kamwe. Ilikuwa nayo, ikaishia chini ya mlima. Wazee waliosikia filimbi yake wanapungua kila mwaka. Tukawaulize majina ya vituo vyote, tuyaandike, mbele hawajaondoka nayo.