Mbwa Walitangulia

Ukiingia agrovet Meru mjini au Embu uulize chakula cha mbwa, mara nyingi utapimiwa kilo mbili kutoka kwa gunia ambalo tayari limefunguliwa. Unaenda nyumbani na chakula, lebo inabaki dukani. Wengi hawaoni kama kuna kitu wamekosa. Kwani si ni ya mbwa tu?

Hilo "ya mbwa tu" lina historia. Kati ya 1977 na 1978, mbwa na kuku wengi walikufa Nairobi, Mombasa na Eldoret. Kilichowaua ni aflatoksini, sumu inayotokana na ukungu wa nafaka iliyohifadhiwa vibaya. Miaka michache baadaye ikawa zamu ya watu. Mwaka 1981, wagonjwa 20 walilazwa hospitalini Machakos na 12 wakafa. Mwaka 2004, hasa Makueni na Kitui, watu 317 waliugua na 125 wakafa, wengi wakiwa wamekula mahindi yao wenyewe yaliyowekwa kabla ya kukauka vizuri. Meru na Embu zilikuwa kwenye mkoa huo huo wa Mashariki, na 2010 mahindi ya mkoa huo yakapatikana na sumu tena.

Sasa fikiria mahindi yakiota ukungu nyumbani hufanyiwa nini. Hayatupwi. "Mpe mbwa." Na kuyapika hakusaidii, juu joto la sufuria haliimalizi sumu hiyo.

Lebo nayo isome ukijua imetoka wapi. Kwa kawaida viambato hupangwa kwa uzito, kizito kikianza. Mahindi yakiwa ya kwanza, unanunua hasa mahindi. Ukiona mahindi, kisha pumba za mahindi, kisha gluteni ya mahindi, jumlisha: ni mmea mmoja umegawanywa mara tatu. Nyama mbichi ikitangulia, kumbuka ilipimwa na maji yake.

Halafu kuna asilimia ya protini. Mwaka 1883, Johan Kjeldahl, mkemia wa maabara ya kiwanda cha bia cha Carlsberg kule Copenhagen, alibuni njia ya kupima nitrojeni kwenye nafaka. Kutokana na nitrojeni, protini inakadiriwa. Kipimo hicho hakijali nitrojeni imetoka wapi, na mwaka 2007 walaghai walitumia mwanya huo. Gluteni ya ngano kutoka China ilikuwa imechanganywa na melamini, kemikali ya kutengenezea plastiki yenye nitrojeni nyingi. Mbwa na paka Marekani waliharibika figo, na mamilioni ya pakiti yakarudishwa kutoka madukani. Lebo zilisema "gluteni ya ngano". Melamini haikutajwa popote.

Kwa hivyo lebo inakuambia kilichowekwa. Kilichojipenyeza haikitaji. Mbona basi uisome? Kwa sababu ya ile sehemu ndogo tunayoruka: tarehe na namba ya toleo. Mwishoni mwa 2005, chakula cha kampuni ya Diamond kilichotengenezwa South Carolina kwa mahindi yenye aflatoksini kiliua zaidi ya mbwa 100. Wenye mbwa waliambiwa wakague tarehe na namba kwenye gunia. Aliyekuwa na gunia alijua aendelee kulisha au aache.

Anayepimiwa kilo mbili hana namba ya kukagua. Kwa hivyo kabla hujalipa, omba uonyeshwe gunia lenyewe. Piga picha ya viambato, tarehe na namba ya toleo. Angalia kama gunia limekaa sakafuni penye unyevu, na kama chakula kinanuka ukungu, kiache. Simba wako akikataa kula, akitapika au macho yakigeuka manjano, simamisha hicho chakula na umpeleke kwa daktari wa mifugo pamoja na ile picha. Na kama kwenu mahindi ya ghala ni moja kwa watu na mbwa, kagua ghala pia.