Amar Akbar Anthony

Amar Akbar Anthony ni filamu ya Kihindi ya mwaka 1977 iliyoongozwa na Manmohan Desai, kwa muziki wa Laxmikant–Pyarelal. Ndugu watatu wanapotezana utotoni, kila mmoja akalelewa katika dini yake: Mhindu, Mwislamu na Mkristo. Waigizaji ni Vinod Khanna, Rishi Kapoor na Amitabh Bachchan.

Ni kielelezo cha picha za Kihindi zinazochanganya vicheko, machozi, ngumi na nyimbo, aina ambayo Afrika Mashariki imeipenda kwa miongo mingi. Katika mitaa ya Nairobi kama Kibera na Kawangware, nyumba ya picha hizo ni kibanda cha video: kuta za mabati, benchi za mbao, pazia zito mlangoni na spika inayosikika hadi barabarani. Kiingilio ni sarafu chache. Siku za mpira, picha husubiri.

Lugha si kikwazo kikubwa. DJ Afro wa Kenya, kama Lufufu wa Tanzania kabla yake, alijipatia jina kwa kusimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, akitia mizaha ambayo mwandishi wa hadithi hakuiota. Lakini Anthony, yule ndugu Mkristo, anapochomoza ndani ya yai kubwa la Pasaka, amevaa suti na kofia ndefu, au anapolewa na kuibandika plasta taswira yake kwenye kioo badala ya uso wake, msimulizi anaweza kunyamaza tu.