Audrey Mbugua na vita vya cheti cha shule

Ukiomba kazi nchini Kenya, mara nyingi utatakiwa kuonyesha cheti cha kidato cha nne. Je, itakuwaje cheti kikiwa na jina la kiume na jinsia ya kiume, ilhali anayekitoa ni mwanamke? Swali hilo lilimkabili Audrey Mbugua, mmoja wa wanaharakati wanaojulikana zaidi Kenya katika kutetea haki za watu waliobadili jinsia.

Audrey alisajiliwa kama mvulana alipozaliwa. Mwaka 2001 alifanya mtihani wa KCSE na kupata A-, kisha akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Maseno. Baadaye alianza kuishi kama mwanamke na akabadili jina lake kisheria. Cheti, hata hivyo, kilibaki na jina la zamani. Alama zilikuwa zake, lakini hakuweza kuzitumia bila kushukiwa kwamba amechukua cheti cha mtu mwingine.

Aliliomba Baraza la Mitihani la Kenya, KNEC, libadilishe jina na kuondoa alama ya jinsia. Baraza lilikataa, naye akaenda mahakamani.

Tarehe 7 Oktoba 2014, Jaji Weldon Korir wa Mahakama Kuu jijini Nairobi aliamua kwamba Audrey apewe cheti kipya katika muda wa siku 45. Hoja yake ilikuwa nyepesi kueleweka: mtahiniwa hapati alama kwa sababu ya jinsia yake, hivyo cheti kisicho na alama ya jinsia hakipungukiwi na kitu.

Mwaka huohuo Audrey na wenzake walipata ushindi mwingine. Mahakama iliiagiza bodi inayosimamia mashirika yasiyo ya kiserikali ilisajili shirika lao, Transgender Education and Advocacy, baada ya usajili huo kukwama.

Tukumbuke kwamba hukumu ya cheti ilihusu karatasi moja ya mtu mmoja. Haikuweka utaratibu wa kubadili jinsia kwenye kitambulisho au pasipoti. Hata hivyo, ilithibitisha kwamba mtu akibadili jina na jinsia hapotezi jasho lake la darasani, na kwamba anaweza kulidai mbele ya jaji.