Mizani Jikoni: Kutoka Kupunjwa Hadi Kuzidishiwa

Miongoni mwa wazungumzaji wa Kiswahili wa Houston, Dallas na Fort Worth, mtu anayeweka sahani ya wali juu ya mizani kabla ya kula huonekana ama mgonjwa ama bahili. Dhana hiyo haikuzuka hewani. Kwa karne nyingi Afrika Mashariki imepima chakula kwa sababu moja kuu, nayo ni kuzuia mtu asipunjwe. Wapagazi wa misafara ya karne ya 19, waliotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, walipewa posho ya kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, takriban ratili moja na nusu, yaani gramu 680 hivi. Vibaba viwili vilifanya kisaga, vinne vikafanya pishi, na hadi leo watu wengi wa pwani hukadiria zaka ya fitri kwa pishi ya mchele kwa kila mtu. Ugomvi wa vipimo hivyo ulikuwa juu ya mdomo wa chombo: kibaba cha mfuto kilisawazishwa, kibaba cha tele kilirundikwa, na tofauti kati ya hivyo viwili ndiyo iliyokuwa faida au hasara ya mtu. Qurani ina sura nzima, Al-Mutaffifin, inayoanza kwa kuwaonya wanaopunja vipimo. Hata lumbesa, gunia lililoongezewa kilemba ambalo Wakala wa Vipimo wa Tanzania unapambana nalo, ni kilio kilekile kikitoka upande wa pili: hapo anayepunjwa ni mkulima.

Wengi wa Wakongo waliofika Texas katika miaka ya karibuni walikuja na mafunzo makali zaidi ya aina hii. Kambi ya Nyarugusu mkoani Kigoma, iliyofunguliwa mwaka 1996, ililea kizazi kizima kwa mgawo uliopimwa. Mashirika ya misaada hupanga mgawo kwa kigezo cha kilokalori 2,100 kwa mtu kwa siku, na mwaka 2017 wakimbizi walioko Tanzania waliona mgawo huo ukipunguzwa kwa sababu ya uhaba wa fedha. Aliyesimama foleni akitazama mkono wa mgawaji hana haja ya kuelezwa maana ya gramu. Kwake mizani ni chombo cha uhaba, na kukiingiza jikoni kwa hiari, katika nchi ambako jokofu limejaa, ni jambo lisiloeleweka. Naona ana haki ya kushangaa. Ila mizani ile ile, ikivuka bahari, imebadilishiwa kazi.

Texas ina historia yake ya vipimo, na sehemu yake muhimu ilianzia Dallas. Mwaka 1927 kampuni ya barafu ya Southland, mtaa wa Oak Cliff, ilianza kuuza maziwa, mayai na mikate kwenye ghala lake la barafu. Duka hilo ndilo lililozaa 7-Eleven. Mwaka 1980 kampuni hiyo ilisambaza Marekani nzima kikombe cha soda cha aunsi 32, karibu lita moja, na kabla ya muongo huo kwisha ikawa na cha aunsi 64. Chupa ya kawaida ya Coca-Cola ya zamani ilikuwa na aunsi 6.5. Anayetafuta njama hapa ataikosa, kwa sababu hesabu yenyewe ni nyepesi: katika bei ya kikombe cha soda, maji, sukari na barafu ni sehemu ndogo, na kubwa ni kodi ya jengo, mishahara na kikombe chenyewe. Ukimwongezea mnunuzi nusu ya kiasi kwa senti chache, wewe unapata faida na yeye anaona amependelewa. Ni kibaba cha tele kinachotolewa na mwuzaji kwa hiari yake, jambo ambalo soko la zamani la Unguja lisingeliamini. Mwaka 2002 watafiti Lisa Young na Marion Nestle walilinganisha vyakula vinavyouzwa tayari na viwango vya serikali ya Marekani. Tambi zilizopikwa zilizidi kiwango kwa asilimia 480, na biskuti kwa asilimia 700.

Mtu atasema kwamba sheria ipo na lebo zipo, kwa hiyo kinachotakiwa ni kusoma tu. Hoja hiyo ina nguvu kidogo kuliko inavyoonekana. Sheria ya mwaka 1990 iliyoleta lebo za lishe inataka kiasi cha mlaji mmoja kilichoandikwa pale kifuate kile ambacho watu hula kwa kawaida. Si ushauri wa daktari. Ndiyo maana marekebisho ya mwaka 2016 yalipandisha kiasi cha aiskrimu kutoka nusu kikombe hadi theluthi mbili: watu walikuwa wamezidisha, na lebo ikawafuata. Zaidi ya hapo, sheria za uzito bado zimejengwa juu ya hofu ya kupunjwa. Kiwanda cha mikate kikiuza mkate pungufu kinashtakiwa, kikiuza uliozidi hakuna wa kulalamika, kwa hiyo busara ya biashara ni kuzidisha kidogo. Kalori nazo zinaruhusiwa kuwa juu ya zilizoandikwa kwa hadi asilimia 20. Anayepima kipande cha mkate nyumbani na kukuta kimezidi gramu za lebo hajagundua udanganyifu. Amekutana na sheria inayomlinda dhidi ya adui wa jana.

Hakuna kisa kinachoonyesha hilo vizuri kuliko ugomvi wa mizani za nyama ya kuchoma. Texas, kama Kenya, huuza nyama hiyo kwa uzito, ingawa kwa utaratibu tofauti: katika mabucha ya nyama choma ya Nairobi unachagua robo au nusu kilo ikiwa mbichi, na Texas mwuzaji hupima iliyokwisha kuiva, ikiwa imepoteza theluthi au zaidi ya uzito wake motoni. Mwaka 2015 Bunge la Texas liliziondoa mizani zinazopima chakula cha kuliwa papo hapo katika ukaguzi wa serikali. Kamishna wa Kilimo, Sid Miller, akaitafsiri sheria hiyo kwa ufinyu ili aendelee kuzikagua nyingi, akisema anamlinda mnunuzi, na mwaka 2017 Bunge likapitisha sheria nyingine ya kumzuia. Pande zote mbili zilibishana juu ya mnunuzi kupewa pungufu. Kwamba anaweza kubebeshwa zaidi ya anachohitaji halikuwa swali la serikali, na pengine halipaswi kuwa. Basi limebaki la nyumbani.

Mizani yenyewe iliingia majumbani Marekani kwa mlango wa ugonjwa. Kabla insulini haijaanza kutumika mwaka 1922, madaktari kama Elliott Joslin wa Boston waliwafundisha wagonjwa wa kisukari kupima kila chakula kwa gramu, kwa kuwa uhai wao ulitegemea hesabu hiyo. Wapishi wengine wa Marekani walibaki na vikombe na vijiko, desturi iliyoimarishwa na kitabu cha Fannie Farmer cha mwaka 1896. Kikombe hupima nafasi, hakijui kama unga umeshindiliwa au umepepetwa, na hapo tunarudi kwenye ule ubishi wa mfuto na tele.

Wapo wanaosema jicho la mpishi mzoefu linatosha. Kwa ladha, linatosha kabisa. Kwa kiasi, ushahidi unalikataa: utafiti wa mwaka 1992 uliochapishwa katika New England Journal of Medicine ulichunguza watu wanene walioamini kwamba wanakula kidogo lakini hawapungui, ukakuta wanataja karibu nusu tu ya walichokula, bila nia ya kudanganya. Pingamizi zito zaidi ni la watoto, maana mtoto anayeona kila tonge likipimwa anaweza kujifunza kukiogopa chakula. Hapa nakubaliana na wapinzani. Jennifer Fisher, aliyekuwa katika kituo cha utafiti wa lishe ya watoto cha Houston, na wenzake walionyesha mwaka 2003 kwamba watoto waliopakuliwa chakula maradufu walikula asilimia 25 zaidi ya chakula hicho, na walipoachwa wajipakulie walipunguza wenyewe. Mizani imfae anayepakua, mtoto aachwe na kijiko chake.

Na sinia je? Watu wanaokula pamoja hawawezi kupimiwa mmoja mmoja, na mgeni hapimiwi. Lakini mpishi wa harusi wa pwani amekuwa akipima siku zote: huhesabu watu, kisha hupima mchele mkavu kabla haujaingia sufuriani. Kinachopimwa ni chungu, na mikono ya walaji inabaki huru. Njia hiyo inafaa Fort Worth kama inavyofaa Mombasa, tena inaondoa utata wa wali uliokwisha kunywa maji na kuongezeka uzito mara tatu. Itaonyesha pia jambo la kustaajabisha. Lebo ya mchele Texas huhesabu gramu 45 za mchele mkavu kwa mlaji mmoja, kwa hiyo kibaba kimoja, posho ya mpagazi mmoja kwa siku, ni chakula cha watu 15. Familia ya wanne inayokimaliza kibaba hicho kwa chakula cha jioni imekula gramu 170 kila mmoja, karibu kilokalori 600 kabla ya mchuzi. Kwa mpagazi mwenye frasila mbili begani hiyo ilikuwa robo ya siku. Kwa aliyekaa ndani ya gari saa nzima kutoka Katy hadi katikati ya Houston, na kurudi, hesabu ni nyingine.